Migebuka Ni Neno Jepesi

Siku niliyogundua kwamba Babu hajui kusoma, kitabu chake kilikuwa kimegeuka juu chini, naye alikuwa anakisoma vizuri tu.

Alikuwa amesimama kando ya dawati, anasoma hadithi ya sungura na fisi, neno baada ya neno, na penye kituo anatua. Darasa limetulia. Mimi nimekaa nyuma nasahihisha madaftari, sikio moja liko kwake. Nikainua macho, nikamwona fisi wa kwenye picha miguu iko hewani. Nikamwacha amalize. Alimaliza bila kukosea, akakaa, nami nikasema "vizuri", kwa kuwa sikujua niseme nini kingine mbele ya watoto 112.

Babu si jina lake. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa na miaka 13 na yuko Darasa la Nne, sauti imeanza kukwaruza, na mstarini ungedhani ni mdogo wake mwalimu wa zamu. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake halisi ni lake, na siku hizi anaweza kuyasoma haya.

Hadithi ile alikuwa ameimeza kwa masikio. Nilipoanza kumfuatilia nikaona ana ufundi wake: hakubali kuwa wa kwanza kusoma. Ukimwita wa kwanza, anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anasubiri watatu au wanne wasome, kisha ananyoosha mkono mwenyewe, kwa bidii kabisa, ili asije akaitwa kwenye ukurasa unaofuata. Mtoto anayeweza kuhifadhi ukurasa mzima kwa kuusikia mara nne, na sisi ofisini tunamwandika "mzito".

Ilikuwa Februari 2024. Shule yetu ipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kigoma mjini, na mimi nilikuwa na mwaka wa kumi na mbili hapo. Kwetu ni Tabora. Nilipopangiwa kituo nilipanda treni ya usiku na begi moja na godoro, nikidhani nitakaa miaka miwili niombe uhamisho. Ziwa likanishika.

Niseme ukweli wangu kabla sijasema wa wengine. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha kipindi cha rekebishi, na nilikuwa najisifia. Saa nane mchana wenzangu wanaondoka, mimi nabaki na wale waliopata chini ya nusu. Na nilikuwa nawapa nini? Kiporo. Somo lile lile la asubuhi, nimelipasha moto, nalirudia polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lao ni masikio. Asiyeelewa asubuhi hakuelewa mchana, tofauti ni kwamba mchana alikuwa na njaa pia.

Kuna sababu zetu, sizikatai. Januari 2016 ada na michango ya lazima ilipoondolewa, watoto walimiminika, na hilo lilikuwa jambo jema. Wengi wao wasingelikanyaga darasani. Lakini uwiano uliopangwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na mimi nimekwambia wangu walikuwa wangapi. Ukiwa na 112, unafundisha safu mbili za mbele. Safu za nyuma unazifundisha nidhamu.

Basi siku iliyofuata nikamchukua Babu mpaka chini ya mwembe nyuma ya stoo. Nikachukua kijiti, nikaandika mchangani: baba.

"Soma."

Akainama. Akagusa kila herufi kwa kidole cha mguu. "Be, a, be, a."

"Ukiunganisha inakuwa nini?"

"Inakuwa be-a-be-a, Mwalimu."

Nikaandika mama. "Me-a-me-a." Nikaandika samaki, akanitajia herufi zote sita bila kosa, kisha akaniangalia kama mtu aliyemaliza kazi yake na anasubiri malipo.

Nilikaa chini pale kwenye mizizi. Huyu mtoto alikuwa anafanya kile hasa alichofundishwa. Aliambiwa herufi hii ni "be", akaikubali. Akaambiwa hii ni "a", akaikubali. Aliyemwambia kwamba "be" huitupa ile "e" yake njiani inapokutana na "a" hakuwepo, au alikuwepo siku ambayo Babu hakuwepo. Niliuliza baadaye nikajua: miaka yake ya kwanza aliishi kijijini, Buhigwe, akaletwa mjini ana miaka kumi, akaingizwa Darasa la Kwanza katikati ya mwaka, Juni. Wenzake walikuwa wameshamaliza herufi na silabi za mwanzo. Alikuta treni inatembea akadandia behewa la mwisho, na tangu hapo alikuwa ananing'inia nje, karibu miaka mitatu.

Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza 2015 kwa Darasa la Kwanza na la Pili, ulitaka tuanze na sauti za herufi, majina yaje baadaye. Sisi wa Kigoma tulishapata semina nyingi za jambo hilo, maana mkoa wetu na Tabora tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza. Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa na cheti. Ila semina ilikuwa ya walimu wa madarasa ya awali, na mimi nilikuwa wa Darasa la Nne, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba mtoto wa Darasa la Nne kazi ya sauti za herufi aliimaliza zamani. Nani aliniambia? Cheo cha darasa chenyewe. Mlangoni kumeandikwa IV.

Tukaanza upya na herufi m. Si kwa sababu ni rahisi kuandika, bali kwa sababu unaweza kuivuta. Mmmmm. Ukiwa bado unaivuta, unafungua mdomo, na "a" inatoka yenyewe: mmmma. S nayo inavutika, n inavutika, l inavutika. Jaribu kuivuta b uone. Inakatika mdomoni, ndiyo maana mtu huishikia "e" apate pa kuegemea. Kwa hiyo b tuliiacha wiki nzima, Babu akawa anauliza, "Mwalimu, be inarudi lini?"

Nilikata makasha ya sabuni nikatengeneza kadi, silabi moja kila kadi. Ma, me, mi, mo, mu. Sa, se, si, so, su. Nikaongeza ka, ki, bu, ge. Siku moja, wiki ya tatu, nikampangia kadi nne mchangani bila kusema kitu. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi mwanzo, akaziharakisha. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu gizani: "Migebuka!" Samaki wa ziwa letu.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba vitabu vyetu vinakosea hesabu ya ugumu. Mwandishi wa kitabu cha kuanzia huogopa neno refu. Anatafuta maneno mafupi amhurumie mtoto: mbwa, nzi, mtu, mvua, ng'oa. Lakini kwenye Kiswahili urefu si ugumu. Migebuka ni neno jepesi, silabi nne zilizonyooka, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kama vidato vya ngazi. Kibirizi, jina la mwalo wa hapa Kigoma, ni jepesi. Hata "tulipokutana" ni jepesi, linachosha tu. Neno gumu ni "mbwa", konsonanti tatu zimebanana mlangoni na irabu moja nyuma yao inazisukuma. Gumu ni "ng'ombe" na kile kikoma chake cha juu, ambacho mtoto mmoja aliniuliza kama ni inzi ameganda kwenye karatasi. Tangu siku hiyo watoto wangu wanaanza na maneno marefu ya ziwani, na mbwa tunamwacha nje mpaka mwezi wa pili.

Babu hakuwa peke yake, bila shaka. Niliwaita darasa zima mmoja mmoja, kila mmoja dakika mbili, siku nne mfululizo. Herufi, silabi, neno, aya, hadithi: unapanda mpaka unapokwama, naandika umekwama wapi. Zoezi la aina hiyo si geni nchini. Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita majumbani kwa miaka na jaribio la kiwango cha Darasa la Pili. Nilipata 14 waliokwama chini ya neno. Kumi na wanne, na wote nilikuwa nimewasahihishia madaftari yao kila wiki, kwa sababu kunakili ubaoni wanajua. Mwandiko wa mmoja wao ni mzuri kuliko wangu.

Nilichokosea kwanza ni muda. Nikawaweka saa ya michezo. Niliona ni busara, hawapotezi kipindi. Wiki moja tu wakaanza kunichukia, na wana haki: wenzao wanacheza mpira na rede, wao wako chini ya mwembe na mi, me, mo, na kila mpira ukitoka nje mtu anakuja kuuchukua na kuwazomea. "Darasa la vilaza." Mtoto mmoja aliacha kuja shule kabisa siku mbili, nikamfuata kwao.

Nikahamishia asubuhi, kabla ya mstari, muda wa namba. Kwa asiyejua, namba ni usafi: kila mtoto ana kipande chake cha uwanja au choo cha kufagia. Nikamwomba Mwalimu Mkuu hawa 14 wasamehewe kufagia. Alikubali kwa shingo upande. Ndani ya siku tatu nikawa na shida mpya. Watoto wanakuja kwangu kwa foleni: "Mwalimu, na mimi sijui kusoma." Mmoja wao alikuwa wa pili darasani. Nilimpokea. Nikampa kazi ya kusomea wenzake hadithi, na neno vilaza nikaacha kulisikia, maana huwezi kumwita kilaza mtu aliye kundi moja na wa pili.

Sasa mwezi. Huu ni mkasa wa ziwani na sijauona kwenye semina yoyote.

Daftari la mahudhurio la Darasa la Nne lilikuwa na tabia ambayo sikuielewa kwa miaka. Wiki fulani watoto wanajaa, wiki fulani wanakatika kama meno ya kizee. Nilifikiri ni siku za soko, nikafikiri ni malaria. Mzee mmoja fundi wa nyavu ndiye aliyenicheka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Taa inawavuta dagaa juu kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa taa, dagaa hawana haja na taa yako, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Giza likirudi wanaingia majini. Wakiingia majini usiku, alfajiri mitumbwi inarudi, na dagaa lazima waanikwe kabla jua halijawa kali, na wakishaanikwa lazima mtu awalinde na kunguru na kuku. Mtu huyo ana miaka kumi.

Nilirudi nyumbani nikachukua kalenda yenye alama za mwezi nikailaza kando ya daftari la mahudhurio. Vilifuatana kama pacha. Siku za mbalamwezi, darasa limejaa. Siku za giza, viti vitupu, na waliopo wananuka moshi na wanalala juu ya dawati.

Ningeweza kwenda kugomba na wazazi. Nimefanya hivyo pia, na wenzangu wamepeleka majina kwa mtendaji. Lakini kwa wale 14 nilifanya jambo rahisi zaidi: jambo jipya nalifundisha mwezi ukiwa mpana. Silabi mpya, mwambatano mpya wa konsonanti, kutoa kwa kuazima, vyote vinasubiri mbalamwezi. Siku za giza tunarudia, tunacheza kadi, tunasoma hadithi. Asiyekuja siku hizo hapotezi ngazi, anapoteza mazoezi tu. Azimio langu la kazi ukiliangalia lina majuma kama la mtu mwingine yeyote. Pembeni, kwa penseli, nimechora viduara vyeusi na vyeupe. Mthibiti ubora mmoja aliviuliza. Nilimwambia ni mapambo.

Mwaka ule ule, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Ukitoa likizo ya Juni, sijawahi kuwa na mahudhurio mazuri namna ile. Giza na mbalamwezi vikawa sawa. Lakini watoto walikuja bila daftari, bila kalamu, na wengine bila kula, maana mkate wao ulikuwa majini na maji yamefungwa. Mchango wa uji ukashuka. Kwa hiyo nilikuwa na watoto wote niliowataka, wamekaa mbele yangu, wananitazama kwa macho ya njaa. Sijui kama nilipata au nilipoteza. Niliwasomesha tu.

Jambo jingine lililonichukua miaka kulisikia ni herufi r.

Babu aliandika: Baba anakura dagaa. Nikaweka mkasi mwekundu. Akaandika: Mtoto amerara. Mkasi. Kwenye sentensi moja akaandika kwamba amepoteza karamu yake nyumbani, na darasa likacheka, mimi pia nikacheka, maana nilimfikiria mtu aliyesahau sherehe nzima mahali. Kiha, kama Kirundi, hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mtoto aliyekulia Kiha hana masanduku mawili ya sauti hizo kichwani, ana moja. Unapomwambia "sikiliza vizuri", anasikiliza vizuri, na anasikia kitu kimoja. Wa Ujiji, ambako Kiswahili kimekaa majumbani tangu enzi za misafara, hawana shida hiyo, na kwa sababu hiyo miaka yote tuliwaona wana akili zaidi. Haya, nimelisema.

Mkasi haukumfundisha mtu. Kilichosaidia ni mdomo. Tulishika vidole kidevuni: ukisema la, ulimi unagota juu na kukaa, ukisema ra, unatikisika. Tukacheza mchezo wa maneno mawili. Kalamu, karamu. Mahali, mahari. Kula, kura. Nasema neno, ukisikia l unakaa, ukisikia r unasimama. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu, watu wanapanda na kushuka kama wako kwenye lori la Kasulu. Ilichukua karibu muhula mzima, na Babu hata leo akiwa na haraka karamu hurudi. Lakini anaisikia. Anajirudi mwenyewe.

Nilimfuata bibi yake mwezi wa nne, kwa sababu Babu alikuwa anaendelea haraka asubuhi na anarudi nyuma usiku. Kuna mtu alikuwa anamvuruga. Wanaishi upande wa Kibirizi, chumba na ukumbi, uani wameanika dagaa kwenye vichanja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, Mwalimu. Ameharibu nini?"

Ndiye aliyekuwa anamvuruga. Kila jioni anamkalisha mkekani: "be-a, ba, be-e, be, be-i, bi." Nilitaka kumweleza habari ya sauti, akanikata. Yeye alijifunza kusoma kwenye kisomo, alisema, kule kijijini, mtoto yuko mgongoni, darasa chini ya mti, na mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Ndiyo zile kampeni zilizoanza baada ya Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. "Be-a-ba ilinitosha. Nasoma Biblia, nasoma bili ya maji. Wewe unataka nini zaidi?"

Nikanyamaza, halafu nikamwomba anifundishe kama alivyofundishwa. Akanyoosha kidole hewani. "Be," akasema. "A." Kisha akakutanisha viganja viwili, pa! "Ba."

Ile pa! ya viganja ndiyo Babu alikuwa hanayo. Njia ya bibi ilikuwa na hatua tatu, na mtoto aliyekuja Juni alizikuta mbili. Hatua ya tatu, mkutano wenyewe, shuleni watu walishaacha kuisema kwa sauti kwa kuwa kila mtu anaijua. Kwa hiyo hatukugombana. Bibi aliendelea na be-a yake, mradi apige viganja, na asubuhi mimi naendelea na mmmma yangu. Nilikuja na jibu la semina, nikaondoka na kofi.

Kuna utafiti wa Busia, Kenya, wa miaka ya 1990, ambao naukumbuka kila gari la vitabu likiingia shuleni. Shule zilipewa vitabu vya kiada, watafiti wakangoja alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo. Wengine vitabu viliwapita juu, vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Mmoja wa watafiti hao, Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, ambao kwa miaka mingi walipima kazi ya Pratham, shirika la India lililoanzia Mumbai. Pratham wanafanya jambo ambalo ukilisema linaonekana dogo: kwa saa moja au mbili kwa siku, sahau umri na darasa, panga watoto kwa kile wanachoweza kusoma leo. Nilipolisoma hilo nilifurahi na nikaudhika. Nilifurahi kwamba mwembe wangu una ndugu India. Niliudhika kwa sababu bibi wa Kibirizi angeweza kuniambia bure.

Hesabu nitaipitia haraka, ina makala yake. 42 kutoa 17, nusu ya wale 14 waliandika 35: wanatoa kidogo kwenye kikubwa popote kilipo, 7 kutoa 2 ni 5, hakuna aliyewaambia kwamba juu na chini kuna maana. Nikawaza, hawa wanauza dagaa kwa sado, chenji hawakosei, nitawaletea soko darasani. Nikachora noti za karatasi. Ilishindikana vibaya. Walicheka noti, wakagombania noti, na kwenye daftari wakarudia 35. Sokoni mtu hatoi 17 kwenye 42. Anapanda kutoka 17, tatu ifike 20, halafu 20, halafu mbili. Ni hesabu nyingine kabisa, na ni nzuri kuliko yangu. Mwishowe tulifunga vijiti kumi kumi kwa uzi, na kuazima maana yake ukawa kufungua fungu moja kwa mikono yako. Wale waliotaka kupanda kutoka 17 niliwaacha wapande. Kwenye mtihani wanasahihisha jibu.

Na mmoja kati ya 14 alikuwa haoni ubao, basi. Nilimhamishia mbele, akatoka kundini ndani ya wiki mbili. Alikuwa nyuma kwa sababu ni mrefu.

Jambo linalonikera mpaka leo nitalisema kisha niliache. Katika shule moja niliyowahi kufanya kazi, kila mwaka Darasa la Saba waliwekewa kambi. Wanalala shuleni, walimu bora wanapewa wao, karatasi za mitihani ya kujipima zinadurufiwa kwa rimu, wazazi wanachangia mchele na maharage. Niliomba rimu moja kwa ajili ya wasiojua kusoma wa Darasa la Tatu. Nikaambiwa Darasa la Tatu hawana mtihani wa taifa. Ni kweli, hawana. Kisha miaka minne baadaye watoto wale wale wanaingia kambini, na mwalimu bora anakesha usiku kuwafundisha kukisia herufi ya jibu.

Babu alifanya upimaji wa Darasa la Nne mwaka ule. Kiswahili alipata C, Kiingereza E, na Hisabati tusiiseme. Kati ya wale 14, tisa walikuwa wanasoma hadithi kufikia Novemba, watatu wako kwenye aya. Mmoja alihamia Uvinza nikampoteza. Mmoja bado yuko kwenye silabi, nami sijajua amekwama wapi. Naamini pako mahali. Sijapafikia.

Juzi Jumamosi nilishuka Kibirizi kununua dagaa. Mwezi ulikuwa umefichika, kwa hiyo soko limejaa. Babu alikuwepo, ana ndoo kichwani, sasa ni mrefu kunipita. Aliitua, akanisalimia, tukasimama kuongea habari za bibi yake, miguu inamsumbua. Karibu yetu walikuwa wamevuta mtumbwi nchi kavu, umepakwa rangi mpya ya bluu, na ubavuni kwa herufi nyeupe, kubwa, zilizoandikwa kwa brashi na mtu mwenye mkono mzuri, palikuwa na jina lake. Nikaona macho ya Babu yanatembea pale, midomo inacheza kidogo. Akasimama. Akarudi mwanzo. Akaanza kucheka.

"Mwalimu, wamekosea. Tazama. TUSIRUMBANE."

Akashika kidevu chake, ulimi juu: tusi-lu-mbane. Kisha akamgeukia mwenye mtumbwi, mtu mzima, ana nyavu begani, akamwambia kwa heshima zote kwamba hapo kwenye r palitakiwa kuwe na l, na kama kuna rangi imebaki yeye anaweza kuirekebisha sasa hivi.

Yule mzee aliutazama mtumbwi wake, akamtazama Babu, akanitazama mimi.

"Rangi imekwisha," akasema. "Na samaki hawasomi, dogo."